Hati Ikikataliwa Mahakamani, Nani Atalipa?

Mwezi Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi kuhusu kiwanja cha ufukweni Nyali, Mombasa, ambao kila anayetaka kununua ardhi nchini humo anapaswa kuujua. Kiwanja hicho kiligawiwa mwaka 1989 kwa Daniel arap Moi, aliyekuwa Rais. Baadaye kikauzwa kwa kampuni moja, nayo ikakiuza kwa kampuni ya Dina Management. Mnunuzi huyu wa mwisho alikuwa na hati, na jina lake lilikuwa katika daftari la msajili. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ikabomoa ukuta wake ikisema pale ni pa umma, ni njia ya kuendea baharini. Kesi ikapanda ngazi hadi juu kabisa. Majaji wakasema ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, kwa hiyo aliyegawiwa hakupata kitu cha kuuza, na waliomfuata hawakupata kitu cha kununua. Nia njema ya mnunuzi haikumsaidia.

Kwa miaka mingi ushauri uliotolewa vijiweni, kwenye vyama na hata maofisini ulikuwa mmoja: kafanye sachi, yaani upekuzi wa daftari, kwa msajili, jina la muuzaji likioana na la kwenye hati, lipa. Uamuzi wa Dina umeonyesha jinsi ushauri huo ulivyo mfupi. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kilikuwa tayari kimesema kwamba hati yaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria au kwa utaratibu mbovu, na ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 hailindi mali iliyopatikana isivyo halali. Majaji waliyasoma maneno hayo jinsi yalivyoandikwa. Tangu hapo mnunuzi anatakiwa aifuate ardhi hadi chimbuko lake: nani aliigawa, kwa mamlaka gani, ilipimwa lini, na kwenye ramani ya kwanza ya mji ilikuwa imetengewa nini. Mwezi Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyohiyo ikasema tena kwamba barua ya ugawaji peke yake si umiliki.

Kazi ya namna hiyo haifanywi Jumamosi asubuhi ukiwa umesimama shambani na dalali. Inahitaji mtu anayejua daftari, ramani, sheria na hila za wauzaji. Je, mtu huyo awe nani? Uingereza imemtengenezea taaluma yake pekee. Kenya na Tanzania zimempa wakili kazi hiyo kwa sheria, huku mitaani ikifanywa na dalali, chifu na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mjadala wetu kuhusu watu hawa umekuwa zaidi wa bei: nani anatoza kidogo, nani anakamua. Naona umekwenda pembeni ya jambo. Cha kwanza kuuliza kuhusu yeyote anayesimamia uhamisho wa ardhi ni hiki: akikosea, au akidanganywa, hasara ataibeba nani?

Tuanzie Uingereza, kwa sababu sheria zetu nyingi za ardhi na za mawakili zina asili huko. Mawakili wa Uingereza walipewa ukiritimba wa kuandika nyaraka za ardhi kwa malipo mwaka 1804, katika sheria ya ushuru wa stempu. Waliushika kwa karibu miaka 180. Katika miaka ya 1980 wananchi waliokuwa wakinunua nyumba zao za kwanza walichoshwa na ada, na mbunge Austin Mitchell akapeleka muswada bungeni wa kuuvunja. Serikali ikaingilia na hatimaye ikapitisha sheria yake, ile ya 1985, iliyounda baraza la kuwasimamia wataalamu wa uhamisho wa ardhi na nyumba wenye leseni. Watu hawa si mawakili. Hawaendi mahakamani kukutetea ukigombana na jirani. Wamesomea jambo moja na wanapewa leseni ya jambo hilo.

Wengi wakieleza mageuzi hayo hutaja bei, na ni kweli ushindani ulizishusha ada. Lakini sheria ile ilitaka pia kila mwenye leseni awe na bima ya makosa ya kazi, fedha za wateja zikae katika akaunti ya peke yake, na uwepo mfuko wa kumfidia mteja aliyeibiwa na mtaalamu mwenyewe. Kwa maneno mengine, leseni inakwenda pamoja na fedha zilizokwisha kutengwa kwa ajili ya siku mbaya. Juu ya hayo, ofisi ya usajili wa ardhi ya huko hulipa fidia kwa hasara inayotokana na kosa la daftari lake.

Uzito wa mpango huo ulionekana katika kesi ya kampuni ya Dreamvar. Mwaka 2014 tapeli alijifanya mwenye nyumba tupu huko London, akaiuza kwa kampuni hiyo kwa pauni milioni 1.1, akatoweka na fedha. Mnunuzi alikuwa na mawakili, na Mahakama Kuu ilikubali kwamba mawakili hao hawakuzembea. Hata hivyo iliwaamuru walipe, kwa kuwa walizitoa fedha za mteja wao pasipo mauzo ya kweli kufanyika, na kwa kuwa wao walikuwa na bima ilhali mteja hakuwa na chochote cha kumwokoa. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilishikilia uamuzi huo, na ikawawajibisha pia mawakili waliomwakilisha tapeli. Iweke kesi hii kando ya ile ya Nyali. Kule aliyedanganywa alikuwa na mtu wa kumgeukia. Hapa alibaki na karatasi.

Afrika Kusini imekwenda njia nyingine ambayo nadhani inafaa kutazamwa zaidi kuliko ya Uingereza. Huko anayeandaa hati ya uhamisho ni wakili aliyefaulu mtihani wa ziada wa kazi hiyo, na mwingine yeyote hawezi kuipeleka kwa msajili. Anapoisaini chini ya Sheria ya Usajili wa Hati ya 1937, anabeba mwenyewe dhima ya usahihi wa mambo yaliyotajwa humo. Mfuko wa dhamana wa wanasheria humlipa mteja ambaye fedha alizomkabidhi wakili zimeibiwa. Kuna dosari moja: kwa desturi muuzaji ndiye anayemchagua mtaalamu, na mnunuzi ndiye anayemlipa. Huko Australia majimbo hayafanani. New South Wales na Victoria zina wataalamu wenye leseni, Queensland bado imewaachia mawakili, na South Australia ilikuwa na madalali wa ardhi wenye leseni tangu enzi za Robert Torrens. Torrens hakuwa mwanasheria. Alikuwa ofisa wa forodha, na sheria aliyoisukuma mwaka 1858 ilikusudiwa kumwondolea mnunuzi mzigo wa kuchimba historia ya ardhi: daftari likisema ni yako, ni yako, na likikosea kuna mfuko wa kukulipa.

Kenya iliurithi mfumo huo wa daftari enzi za ukoloni. Tuliyoyaona Nyali ni kwamba nusu ya kwanza ya ahadi, kwamba daftari litosheleze, imeondolewa. Sielekezi lawama kwa majaji. Baada ya miongo ya kunyakua ardhi za shule, misitu, makaburi na fukwe, mambo yaliyoorodheshwa na tume ya Ndung'u mwaka 2004, mahakama haikuweza kuendelea kuusafisha wizi kwa sababu tu umepita mikono mitatu. Lakini mnunuzi wa kawaida amerudishiwa mzigo ambao Torrens alimtua, na safari hii hakuna mfuko anaoweza kuutegemea. Oktoba 2023, huko Mavoko, matingatinga yaliangusha nyumba za watu waliouziwa viwanja kwenye ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Waliolala nje walikuwa na makaratasi. Wengine walikuwa wameanza kuzeeka ndani ya nyumba hizo.

Sheria ya Mawakili ya Kenya, kifungu cha 34, inamzuia asiye wakili kuandaa nyaraka za uhamisho wa ardhi kwa malipo. Mtu akisoma hapo atadhani mnunuzi amelindwa. Lakini mwaka 2015, katika kesi ya National Bank of Kenya na Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu iliulizwa kama hati iliyoandikwa na wakili asiye na cheti cha mwaka cha kufanyia kazi ni batili. Ikajibu kwamba si batili kwa sababu hiyo tu. Uamuzi huo ni wa haki, kwani mwananchi hapaswi kuadhibiwa kwa kosa la wakili. Hata hivyo unaonyesha kwamba katazo la kifungu cha 34 linamlinda wakili dhidi ya washindani kuliko linavyomlinda mteja dhidi ya wakili.

Na wakili mwenyewe, anafanya nini hasa? Wengi wetu tunamlipa kwa ajili ya mkataba, kwa kuwa sheria inataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi, yasainiwe na kushuhudiwa. Mkataba ndio sehemu nyepesi. Masharti ya kawaida ya Chama cha Mawakili cha Kenya yanajulikana: asilimia 10 siku ya kusaini, siku 90 za kukamilisha. Ushuru wa stempu nao unajulikana, asilimia 4 mijini na 2 kwingineko, pamoja na kodi ya asilimia 15 ya faida ambayo muuzaji amekuwa akidaiwa tangu Januari 2023. Mwenye kusoma vizuri anaweza kuyaorodhesha yote hayo bila msaada.

Ugumu uko kabla ya mkataba. Shamba la kilimo likihitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita, na idhini isipopatikana sheria inayahesabu mauzo kuwa batili. Nyumba ya mume na mke haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, kwa mujibu wa sheria ya 2013 ya mali ya ndoa. Tanzania ina kinga ya namna hiyo tangu Sheria ya Ndoa ya 1971. Halafu kuna lile linalozaa kesi nyingi kuliko pengine lolote: hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani, na wajukuu wanne kati ya saba wamekubaliana kuuza. Sheria ya Urithi ya Kenya hairuhusu ardhi ya marehemu iuzwe kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Wajukuu watatu ambao hawakushirikishwa ndio watakaofika shambani baada ya mnunuzi kumwaga msingi.

Pwani ina yake. Katika mitaa mikongwe ya Mombasa mtu anaweza kuwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita aliyorithi kwa mama yake, lakini udongo ulio chini yake ni wa mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Ni nyumba bila ardhi. Inauzwa na kununuliwa kihalali miaka yote, na mnunuzi kutoka bara asiyejua anadhani amenunua kiwanja. Kuna pia wakfu: ardhi iliyowekwa kwa ajili ya msikiti, madrasa au kizazi cha aliyeiweka. Wakfu hauuzwi, hata kama anayeuza ni mmoja wa wanufaika na ana barua za ukoo kutoka enzi za Sultani. Hakuna sachi ya mtandaoni itakayokueleza mambo haya kwa ukamilifu. Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Nairobi Aprili 2021, ni hatua kubwa, lakini unaonyesha kile tu kilichoingizwa. Mtaalamu wa kweli wa uhamisho wa ardhi Mombasa lazima awe mtu anayekwenda kwa majirani na kuuliza kodi ya ardhi inalipwa kwa nani.

Tanzania inaanzia mahali pengine. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, na mtu anamiliki haki ya kuitumia kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Mwenye hati anapouza, uhamisho hupitia kwa Kamishna wa Ardhi na Msajili wa Hati, na hapo wakili ana nafasi yake. Sehemu kubwa ya viwanja vinavyouzwa pembezoni mwa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, hata hivyo, haijapimwa wala haina hati. Wanaouziana wanakwenda ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti anaandika au anagonga muhuri, mashahidi wanasaini, na ofisi inachukua asilimia ya bei. Mazoea hayo hayatokani na Sheria ya Ardhi, na asilimia hiyo haina msingi ndani yake.

Wanasheria wengi wakifika hapa humkejeli mwenyekiti wa mtaa. Mimi namtetea kwa jambo moja: anajua. Anajua kwamba kiwanja kile kiliuzwa mwaka juzi kwa mwalimu, kwamba mke mkubwa hakuambiwa, kwamba mvua za masika maji hupita katikati yake. Ujuzi huo ndio hasa ule ambao wakili wa katikati ya jiji hana. Kinachokosekana kwake ni dhima. Akigonga muhuri kwa wanunuzi wawili wa kiwanja kimoja, hakuna bima, hakuna mfuko, na mara nyingi ameshaondoka madarakani. Dalali naye hulipwa mauzo yakifanyika tu, kwa hiyo hana sababu ya kukuambia usinunue. Mtu pekee anayeweza kukwambia usinunue ni yule ambaye malipo yake hayategemei ukubali.

Hilo linanileta kwenye desturi ambayo ningependa ife, ya wakili mmoja kuwaandikia wote wawili, muuzaji na mnunuzi, ili kuokoa ada. Uhusiano ukiwa mtamu hakuna shida. Muuzaji akichelewesha kuhama, au ikigundulika ardhi ina deni la benki, wakili huyo hawezi tena kumshauri yeyote kati yao kwa uaminifu, na mnunuzi anatafuta mwingine akiwa ameshatoa fedha. Kinachookolewa mwanzoni ni kidogo sana ukilinganisha na bei ya ardhi.

Fedha zenyewe zinastahili tahadhari ya peke yake. Asilimia 10 ikishikiliwa na wakili wa muuzaji kama amana ya pande zote, na salio likitolewa kwa ahadi ya kitaaluma kati ya mawakili wawili, mnunuzi ana njia ya kuidai. Ikienda moja kwa moja kwenye simu au akaunti ya muuzaji, anabaki na imani tu. Siku hizi umezuka wizi mwingine: matapeli hudukua barua pepe, kisha siku ya malipo mnunuzi anapokea ujumbe wenye nambari mpya ya akaunti. Kumpigia wakili kwa nambari ya simu uliyokuwa nayo tangu mwanzo, kabla ya kutuma, ni kinga ya dakika mbili. Waliotutumia habari hizi zaidi ni jamaa walio ughaibuni, London, Muscat au Minneapolis, wanaonunua kupitia kaka au binamu. Kwao nasema wazi: hati ya uwakilishi iandikwe, isajiliwe, iseme kazi moja tu, na fedha zisipitie kwa ndugu. Hilo linamlinda ndugu pia.

Basi, Kenya na Tanzania ziwe na wataalamu wa uhamisho wa ardhi wenye leseni ambao si mawakili? Ningekubali, kwa sharti moja zito. Tukifungua mlango kwa ajili ya bei peke yake, tutapata madalali wenye vyeti. Tukifungua kwa kufuata mfano wa 1985 wote, bima ya lazima, akaunti ya wateja inayokaguliwa, mfuko wa fidia, na chombo kinachomfutia leseni mkosaji bila kungoja miaka, tutakuwa tumempa mkulima wa Kilifi au mama wa Kigamboni kitu ambacho hata wakili wake leo hamhakikishii. Wapo watu wa kuanzia nao: wapimaji, makarani waliozeeka katika ofisi za usajili, wahitimu wa sheria ambao hawataki mahakama. Mawakili watapinga, na hoja yao kwamba baada ya Dina kazi imekuwa nzito kisheria kuliko zamani ina nguvu. Ndiyo maana naona njia ya Afrika Kusini, ya mtihani wa ziada na dhima ya mtu binafsi juu ya hati anayoisaini, ingeweza kuwekwa kwanza kwa mawakili wenyewe, kisha mlango ukafunguliwa kwa wengine watakaofikia kiwango hichohicho.

Hadi sheria ibadilike, mnunuzi ana silaha moja isiyohitaji bunge. Kabla ya kumkabidhi wakili kazi, athibitishe kwa chama cha mawakili kwamba ana cheti cha mwaka huu. Amuulize kama ana bima ya makosa ya kazi na inafikia kiasi gani. Kisha amwombe, kabla ya kusaini mkataba, barua inayotaja alichokikagua: faili ya ugawaji wa kwanza, ramani ya upimaji, alama za mipaka zilizoonekana shambani kwa macho, ridhaa ya mwenzi, mirathi, madeni ya kodi za ardhi, na nani anaishi au kulima pale sasa. Barua hiyo ikiwepo, wakili ameandika kwa mkono wake anachokiwajibikia. Akikataa kuiandika, mnunuzi amejua mapema ni hatari ipi anaachiwa, na bado hajatoa ile asilimia 10.